Alivaa Redio Kumsikilizia Dada Yake

Wiki iliyopita, Chang'ombe, amezikwa mzee ambaye wengi wenu mmewahi kumwona hata kama hamkumjua. Ni yule aliyekuwa akitembea na redio mwilini kwenye ule mtaa wa mafundi wa kuchomelea, spoku ya baiskeli imesimama wima juu ya kofia yake. Kifo chake hakikunishangaza, maana alikuwa mtu mzima na kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mvua za mwanzo. Kinachonitoa usingizini ni mazishi yake. Alizikwa bila dada yake, na dada huyo yuko hai, ana akili zake timamu, alikuwa amekaa kwao Makete karibu na redio akingoja habari ambayo hakuna aliyejisumbua kumpelekea. Wasomaji mliozoea mzaha wangu mnisamehe. Leo mzaha nilio nao ni mchache, na wote ni wa marehemu.

Redio yenyewe ilikuwa ndogo, ya betri mbili, kioo kimepasuka, na antena yake ilivunjika zamani sana. Mtu mwingine angenunua nyingine. Yeye aliifunga kifuani kwa mpira wa tairi la baiskeli, akapitisha waya wa shaba ndani ya shati mpaka shingoni, akauzungusha kwenye ukingo wa kofia yake ya pama na kuumalizia kwenye ile spoku. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati kama dagaa, kisha anazirudisha. Tatizo lake kubwa lilikuwa mtaa. Pale fundi mmoja akiwasha mashine, kila redio ya jirani inakwaruza, na mafundi wenyewe wamejaa kuanzia kona hadi kona. Basi mzee alikuwa anatafuta mawimbi kwa mwili mzima. Ukimkuta amesimama kwa mguu mmoja, mkono ameshika waya wa kuanikia nguo, ulikuwa hupati marahaba yako. Alikupepesea macho tu, kwa sababu aliamini kabisa kwamba akifungua mdomo stesheni inahama.

Palipokamata vizuri kuliko pote ni kwenye grili ya duka la vifaa vya ujenzi, la mzee mmoja wa Kihindi, Mshia, mtu wa heshima zake na mwenye masihara ya taratibu. Marehemu alisimama nje ya duka lile kila mchana, ameshikilia nondo za grili kwa mikono miwili, uso ameuegemeza kwenye chuma. Siku moja nilikuwapo mwenye duka alipotoka na kumwambia, "Bwana mkubwa, wateja wananiuliza huyu nimemfunga kwa kosa gani." Mzee akajibu bila kugeuka, "Waambie nimeiba misumari." Kesho yake mwenye duka aliweka kigoda pale nje, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kukikalia.

Hata kanisani aliingia nayo, ameizima, au alidhani ameizima. Jumapili moja tumeinamisha vichwa kwenye sala ya kimya, kifuani kwake ikatoka sauti ya binti akisifia dawa ya kuua kunguni, mpaka na bei ya jumla. Mchungaji wetu, mtu mwerevu, alingoja tangazo liishe, akasema "Amina," akaendelea na ibada. Kwaya ilishindwa kuimba wimbo uliofuata kwa kicheko.

Nami nilicheka sana, na siombi radhi kwa hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alipenda tucheke. Lakini nilimuuliza pia, siku moja pale dukani, ni kipindi gani hicho kinachomtesa namna ile. Akasema ni matangazo ya vifo. Kwa vijana mnaosoma safu hii, nieleze kidogo: familia ikifiwa hupeleka tangazo redioni, na mtangazaji husoma jina la marehemu, mahali alipofia, siku ya maziko, kisha huwataja ndugu mmoja mmoja, habari ziwafikie popote walipo. Nusu ya watu waliohamia mji huu kutoka bara walikuwa wakipata habari za wazee wao kwa njia hiyo.

"Nina dada mmoja tu, mkubwa wangu," aliniambia. "Simu hana. Hata ukimpa, kule kwake mpaka apande kilima kutafuta mtandao, na magoti yamekataa. Tulipoagana mara ya mwisho tuliwekeana: kila mmoja asikilize matangazo kila siku. Nisipomsikia, najua yupo. Naye asiponisikia, anajua nipo. Ndiyo salamu zetu hizo."

Naomba msome tena maneno hayo, maana hasira yangu yote inatokea hapo. Ule mguu mmoja, ile spoku, yale mapenzi na grili ya duka, yote yalikuwa ni mtu anamjulia hali dada yake. Na alisikiliza kwa ajili ya wengine pia. Kulikuwa na fundi mmoja wa mageti ambaye ndiye aliyempachika mzee jina la Mnara, na kila akimwona anapita alikuwa akipiga kelele, "Mnara huo! Punguzeni spidi, ndege zitagonga!" Mchana mmoja mzee alisikia redioni jina la baba yake fundi huyo, amefia Kigoma, na mtoto wa marehemu aliyeko Dar es Salaam akiombwa afike. Mzee alivua kofia na waya wake wote, akavuka barabara, akamwambia fundi azime mashine.

"Babu, nina oda ya geti hapa, mwenyewe anakuja jioni."

"Zima, kijana wangu. Kaa chini."

Fundi yule aliondoka na basi la alfajiri, akamzika baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Aliporudi alimletea mzee betri mpya, boksi zima, na jina la Mnara hakulitamka tena. Na sasa niwaambie kitu ambacho kila nikikikumbuka natamani kupiga ngumi meza: fundi huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya msiba wa mzee.

Mimi nilikuwa Morogoro kikazi, nikafika moja kwa moja makaburini. Sikatai, shughuli ilipendeza. Tisheti zenye picha ya marehemu, tarumbeta, viti vimevalishwa vitambaa, na mpiga picha karusha kidude chake angani kikatuvumia vichwani wakati mchungaji anaomba. Nikatafuta uso wa dada yake nisiuone. Nikamfuata mwenyekiti.

"Dada yake yuko wapi?"

"Dada yupi tena, kaka? Mbona sie tulirusha kwenye grupu mapema tu. Mpaka watu wako Kanada wametoa pole."

"Dada yake wa Makete. Hana simu."

"Aah, kumbe. Sasa kaka, mtu hana simu, utampataje?"

"Wewe ulipatikanaje?"

Akashika ukosi wa tisheti yake akaunyoosha. "Ile ilikuwa zamani, kaka," akasema.

Zamani! Stesheni ile ile bado ipo, matangazo yale yale yanasomwa mpaka leo, na ofisi ya kuyapokea haiko mbali na pale walipokwenda kuchapisha tisheti. Nilipowabana, familia ikasema ilidhani kamati imetangaza, na kamati ikasema ilidhani familia imetuma mtu. Mwanawe wa Tegeta, aliyejenga nyumba nzuri na kugharimia mengi, aliniambia kwa upole kabisa kwamba hakutaka "mambo ya kizamani" kwenye msiba wa baba yake. Msiba wa mtu aliyesimama miaka yote hiyo na spoku kichwani! Ningeelewa kama wangekosa uwezo. Hawakukosa chochote. Walikuwa na mtu wa kupanga maua na mtu wa kupanga magari, wakakosa mtu wa kujiuliza nani hajajua.

Sina ugomvi na simu, na hata safu hii naiandika kwenye simu. Ugomvi wangu ni na hii tabia iliyotuingia Kinondoni, Temeke na kila mahali, ya kudhani kwamba asiyekuwa kwenye grupu letu hayupo duniani. Tumetengeneza orodha ya watu rahisi kuwafikia, tukaiita ukoo. Mpwa wa Kanada ambaye hakumwona mzee tangu ana meno ya utoto ametuma kidole gumba na mikono miwili ya kuomba, na sisi tunahesabu hiyo kuwa rambirambi. Mwanamke aliyembeba marehemu mgongoni akiwa mchanga tunamwita mtu asiyepatikana. Hizi si akili za kisasa. Ni uvivu, na uvivu huo una dharau ndani yake.

Dada alifika juzi. Habari alizipata kwa mfanyabiashara wa viazi wa kijijini kwao anayeshusha mzigo Temeke, ambaye alikwenda kumsalimu mzee akakuta turubai linakunjwa. Alikuja na lori la huyo mfanyabiashara, mbele kwa dereva, safari yote ile na magoti yale. Walimkalisha mkekani, wakamletea chai, wakamletea tisheti iliyobaki, kubwa mno kwake. Yule mwana wa marehemu wa Tegeta akachuchumaa pembeni na simu ili amwonyeshe maziko yalivyopigwa picha kutoka angani. Aliangalia kidogo, akageuza uso.

"Zima, mwanangu."

Kisha akamgeukia mwenyekiti, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeulizia njia. "Mlitangaza stesheni gani? Nauliza kwa sababu mimi sikuzima redio. Mmesema mlimzika Alhamisi. Alhamisi nilisikiliza mpaka wakamaliza majina yote. Hakutajwa. Nikamshukuru Mungu kwamba mdogo wangu mzima."

Mwenyekiti aliinuka akatoka nje, na nilimwona dirishani amesimama katikati ya geti alilotengeneza mwenyewe, analia. Sikwenda kumbembeleza, na mpaka naandika hapa sijajisikia kumbembeleza.

Kamati za misiba za mji huu, niwaambie bila kupamba. Siku mtakapokutana, kabla hamjapima tisheti wala kumpigia mtu wa tarumbeta, ulizeni nani habari hii haitamfikia yenyewe. Mkimpata huyo, mpelekeeni kwanza, kwa redio, kwa basi, kwa lori la viazi, kwa miguu ikibidi. Wengine wote watajua tu, hata msipowaambia. Walio kwenye grupu wengi wao wanakuja kutoa pole. Yule asiye na simu, mara nyingi, ndiye anayepaswa kupewa.