Pipa la Buluu Mlangoni

Niseme mapema kwamba maganda ya ndizi hayana kosa. Niliyakausha, nikayachoma yakawa makaa, nikayasaga, na kila nilipoyajaribu yalinyonya rangi yote kwenye maji. Kosa ni langu, na hadi leo linanikera.

Mama Neema, Mkongo mwenzangu, ana karakana ya kutia vitambaa rangi mjini Mbarara. Maji yake machafu yalikuwa yakitiririka hadi kwa jirani mfuga ng'ombe, naye jirani akaapa kumfungisha. Nikatoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na gunia langu la unga wa maganda kwenda kumwokoa.

Nilipofika, yeye alikuwa ndani akifua. Mlangoni palikuwa na pipa la maji ya buluu, yenye povu na harufu ya kuvunda. Sikuuliza. Mtu aliyejifundisha mwenyewe haulizi, anapima. Nilimimina unga, nikakoroga, nikachuja kwa shuka, kisha nikamwita jirani. Maji yalikuwa meupe kabisa.

“Mzee, dawa yako nafanya kazi sana,” akasema.

Mama Neema akatoka na vitambaa vyeupe begani, akachungulia pipa.

“Baba Furaha, rangi yangu iko wapi?”

“Nimeitoa yote,” nikajibu kwa fahari.

“Ile nilivundika juma muzima, ni ya nguo za kwaya. Maji ya kutupa iko kule nyuma.”

Jirani akageuka kutazama mfereji wa nyuma. Ulikuwa ungali unatiririka, buluu tupu, kuelekea kwa ng'ombe wake.