Mwalimu Asiyeweza Kusoma Kimya

Likizo ya Agosti iliyopita, badala ya kupumzika kama watu wenye akili zao, nilijiandikisha kwa semina ya walimu katika maktaba moja ya utafiti mjini. Sote tulikuwa walimu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji. Asubuhi tulipekua majalada ya zamani ya mitaa yetu, mchana tukajadiliana, na Ijumaa kila mmoja alitakiwa kufundisha somo kutokana na alichosoma. Haikuchukua muda tukageuka wanafunzi kabisa: tulichelewa, tukagombania viti vya nyuma, tukanong'onezana mkutubi akitupa mgongo.

Jirani yangu mezani alikuwa mama mmoja anayefundisha Kariobangi, katika shule iliyo ubavuni mwa mafundi wa mabati. Darasani kwake watoto ni wengi na vitabu ni vya kutafuta, kwa hiyo yeye husoma, wao husikiliza. Amefanya hivyo tangu aanze kazi. Sasa akifungua karatasi yoyote sauti inatoka yenyewe, na si sauti ndogo: ni ya kushindana na nyundo za mafundi wale.

"Mwalimu, tafadhali," mkutubi alimwambia Jumatatu.

"Pole, madam. Na si nilikuwa nasoma tu."

Jumanne akaambiwa tena. Jumatano watafiti wengine wakalalamika, na mkutubi, mpole lakini aliyechoka, akamwambia kwamba akirudia hataingia tena chumba cha kusomea. Bila kusoma, Ijumaa angefundisha nini? Alijaribu, maskini. Alijiziba mdomo kwa kiganja, akaukodolea macho ukurasa uleule mpaka saa ya chai, na hakuna kilichoingia. Nilimhurumia kwa dhati, maana alilitaka somo lile kuliko sisi sote. Wengine tulifuata cheti na chakula cha mchana.

Alhamisi mkutubi akamfungulia stoo ya masanduku, akamwekea meza. "Funga mlango, mwalimu, usome utakavyo."

Tulifurahi kama tumeshinda kesi. Lakini muda ukapita na sikusikia kitu, nami nikaenda kuchungulia. Alikuwa ameketi, jalada wazi mbele yake, amenyamaza.

"Ni nini tena, mwalimu?"

"Haitoki," akasema. "Huku namsomea nani? Masanduku?"

Kazi yangu mwenyewe ilikuwa bado nusu, na nilinung'unika kidogo moyoni. Nikavuta kiti. "Haya, nisomee mimi. Lakini usinipe mtihani."

Yalikuwa malalamiko ya akina mama wa Shauri Moyo wa zamani kuhusu bomba la maji, na mimi nakaa Shauri Moyo, kwa hiyo nilijua kona walizokuwa wakizitaja. Mwalimu alimpa kila mama sauti yake: huyu mkali, huyu mnyenyekevu, huyu wa kejeli. Kila baada ya kidogo aliinua macho kuona kama nimeelewa. Nimewasomea watoto wa watu miaka yote, nikawasomea wangu, nikamsomea mama yangu macho yalipomwisha. Mimi sikumbuki nani aliyenisomea tangu nitoke darasa la kwanza. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Aliyaona, akasita. "Nipunguze sauti?"

"Hapana," nikamwambia. "Endelea tu, mwalimu. Mpaka mwisho."