Betri ya Kulalia Pugu

Kwa miaka miwili nilikuwa sijalala nje ya nyumba yangu ya Gongo la Mboto. Daktari aligundua kwamba nikiwa usingizini pumzi yangu husimama, tena mara nyingi kwa usiku mmoja. Tangu hapo nalala na barakoa iliyoungwa kwenye mashine ya kunisukumia hewa, na mashine haifanyi kazi bila umeme. Kwenye harusi za Morogoro nilirudi usiku uleule. Kila safari ya kwaya yetu ya kanisa, ambako wote huniita Mwalimu, nilikuwa na udhuru.

Mwaka huu kwaya iliamua kupiga kambi kwenye vilima vya Pugu, kulala siku mbili. Mke wangu Devota akaniambia, "Baba Anita, ukibaki, na mie nabaki. Halafu utawaeleza wewe ni kwa nini."

Ndiyo maana nikatoka kutafuta betri.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa Mwenge. Duka la kwanza lilikuwa limejaa watu. Muuzaji aliniuliza nataka kuwasha nini.

"Taa, na TV ndogo," nikasema. Mashine ilikuwa kwenye begi begani, nikaona haya kuitoa.

"Basi chukua inveta hii ya wati elfu moja, mzee wangu, inageuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, uiunge na betri ya gari. Umemaliza ishu."

Niliomba kuijaribu. Nikasogea kwenye kona, nikafungua begi nusu, nikachomeka. Mashine ikavuma kama nyuki ndani ya debe, kioo chake kikawaka na kuzima. Nilichomoa haraka.

"TV gani hiyo?" muuzaji akauliza. Nikaaga.

Saa nane mchana nilifika Kiwalani, kwenye duka la Bi Zuhura, mama wa Kiarabu ambaye ukoo wao umeuza vifaa vya umeme tangu babu yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kunipa kiti. Nikaanza tena habari ya taa na TV. Alilitazama begi nililolikumbatia.

"Taa mbili hazimtoi mtu jasho hivyo, mwanangu. Niambie kitu chenyewe, nisije nikakuuzia kisichokufaa."

Nikamwambia. Nje ya nyumbani na hospitali, alikuwa mtu wa kwanza kujua. Hakuonyesha huruma wala mshangao. Aliiweka mashine juu ya kaunta, akaiunga na kipimo kidogo cha umeme, akakisoma.

"Zima hiki kinachopasha moto maji ya kulainishia hewa, ndicho kinachokula umeme. Bila hicho unatumia wati thelathini na tano. Kwa saa nane, mara siku mbili, ni wati-saa mia tano sitini. Inveta nayo inakula kidogo chake. Weka mia sita hamsini."

Betri ya risasi, kama zile za magari, ya ampea mia ingetosha kwa shida, akasema, kwa sababu haifai kuishusha chini ya nusu, na nilipojaribu kuinyanyua mgongo ulinikatalia. Akanionyesha ya lithiamu ya ampea sitini, nyepesi, inayobeba karibu wati-saa mia saba sabini. Kwa inveta alinipa ya wati mia tatu tu, ile ya umeme laini kama wa ukutani. Kubwa zaidi, alisema, ingekula betri bure. Tulichomeka. Mashine ikapumua kimya.

"Ilalie kwanza nyumbani kwako," akaniagiza. "Ikikuangusha, bora ikuangushe ukiwa karibu na swichi."

Nililala nayo siku mbili mfululizo bila kuichaji. Haikuniangusha.

Ijumaa jioni tulifika Pugu. Waliouliza kuhusu boksi nililowekea betri niliwaambia ni la taa, na hema letu mimi na Devota nikalifunga mbali na mengine.

Jumamosi asubuhi kipimo cha betri kilisoma asilimia hamsini na nane. Nilifurahi kama mtoto. Baada ya chai akaja Edga, kiongozi wa kwaya, na spika kubwa na waya wa kuungia. Nyuma yake watu sita wameshika simu na chaja.

"Mwalimu, kumbe umetuletea umeme! Tuchomeke spika, tufanye mazoezi mpaka mchana."

Nilihesabu kichwani. Spika ile ingemaliza kila kitu kabla ya chakula.

"Haiwezekani," nikasema.

"Mwalimu, hata ya mazoezi ya kanisa?"

Waliacha kutabasamu. Devota alinitazama, hakunisaidia. Basi nikaingia hemani, nikatoka na mashine, nikavaa barakoa mbele yao wote. Kisha nikaivua.

"Nikilala, pumzi inasimama. Hii ndiyo inayoniamsha kesho. Betri ni ya hii."

Edga aliuzungusha waya mkononi taratibu. "Sie tulidhani hutupendi," akasema. Tuliimba bila spika siku nzima.

Jumapili mchana, tukipakia mizigo kwenye basi dogo la kukodi, Mama Glori wa sauti ya kwanza alinivuta pembeni. "Mwalimu, mume wangu anafanyaga hivyohivyo. Ananyamaza mpaka namsukuma." Mumewe, Baba Glori, mwimba besi wetu, alimsikia. "Mie siumwi," akasema, akapanda na kukaa kiti cha mbele.

Nilichojifunza kuhusu betri ni kwamba unaanza na kifaa, unakipima, ndipo unanunua. Na muuzaji hawezi kukusaidia kwa jambo unalomficha. Hayo nilikuwa nikiyawaza wakati basi likiteremka, na Baba Glori akaanza kukoroma.

Halafu akanyamaza. Basi zima likanyamaza naye. Nilihesabu moja, mbili, nikafika kumi na tisa, na Mama Glori alikuwa ameshanyoosha mkono, ndipo alipozinduka akihema kama aliyetolewa majini. Alikuta nyuso zote zimemgeukia.

Alijifuta mdomo, akanitafuta kwa macho.

"Mwalimu," akasema, "huyo daktari wako anakuwepo siku gani?"