Dari isiyo na mahindi

Leo nimekimbia filamu mchana kweupe.

Tuko kwa kibanda cha video hapa Busia. Kwenye filamu, msichana wa Kizungu anasikia sauti darini, anapanda ngazi. Jamaa wetu wa kutafsiri anasema kwa maiki, "Anaingia kwa dari. Huyo amekwisha."

Mama mmoja wa kutoka Sikuda, hapa jirani, muuza mahindi, akauliza, "Kama hawaweki mahindi, hiyo dari ni ya nini?"

Nilicheka kuliko wote.

Halafu kitu kikagonga dari ya kibanda chetu. Puu!

Kibanda chote nje, mimi mbele. Mtafsiri alinipita na maiki yake. (Mliokuwepo, nyamazeni.)

Mama akatoka mwisho, polepole, ameshika kandambili yangu.

"Ni popo tu. Msichana ameshuka salama. Wewe ndiye umekwisha."