Nilikuwa "nakata" maji, kumbe ndiyo maana sikuwa naenda popote

Hapana mkuu, sio misuli. Wewe uliyeniandikia kule kwenye uzi wa mazoezi eti "dada piga push-up kwanza, fizikia iliishia kwenye mtihani", umeniudhi mpaka nimefungua uzi wangu.

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Singida mjini, na mwisho wake unanitia aibu. Chumvi siongezi, iliyopo kwenye ziwa letu inatosha.

Iko hivi. Kuna pool moja hapa mjini wanatafuta msaidizi wa kufundisha watoto kuogelea. Mimi nina Form Four yangu, nipo tu nyumbani Utemini, cheo changu ni kutumwa dukani. Hiyo nafasi niliitaka mpaka naiota.

Sharti la Bi Zuhura, mama anayesimamia pool: ogelea kwenda na kurudi, usisimame. Ukikanyaga chini, umefeli.

Jaribio la kwanza sikumaliza hata kwenda.

Kuogelea nilifundishwa na kaka yangu Elia, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, na somo lake lote lilikuwa maneno mawili: "Kata maji! Kata maji!" Basi na mimi nikakata. Kiganja ubavu, kama panga. (Elia mwenyewe kukata maji anakokujua vizuri ni kule kwenye pombe za kienyeji, ila tuyaache.)

Bi Zuhura akanikuta nimening'inia kwenye kamba, nahema.

"Mwanangu, hayo maji yamekukosea nini?"

"Shikamoo," nikajibu. Nilishamsalimia mara mbili.

"Marahaba, ya tatu hiyo. Rudi Ijumaa."

Jumatano nipo jikoni, ugali wa mtama. Nimekasirika, nakoroga tu ilimradi. Mama akanitolea macho.

"We Neema! Unakata ugali au unasonga? Mwiko umeushika ubavu, geuza!"

Nikageuza bapa. Mkono ukawa mzito hapo hapo, sufuria ikataka kuondoka na mafiga yake.

Wakuu, nikaganda.

Mwiko ukiwa ubavu unapita kirahisi, lakini hausogezi kitu. Ukiwa bapa ugali unakukatalia, na huko kukatalia ndiko unakojishikiza. Action and reaction, Form Two nilikuwa naiimba kama kasuku. Ukiyasukuma maji nyuma, na yenyewe yanakusukuma mbele. Sasa kama huyasukumi, unataka nani akusukume, mjomba wako?

"Unacheka nini na ugali unaungua?"

"Nimeelewa kuogelea, mama."

"Haya. Mboga utaelewa lini?"

Alhamisi nikaenda kufanya mazoezi. Kiganja bapa, na kweli nikaenda. Ila kichwa kinapanda, miguu inazama, kama mbuzi anayevushwa mtoni.

Nikakaa pembeni nikafikiria. Mkono nilikuwa naunyoosha kama rula na kuukandamiza kwenda chini. Ukisukuma maji chini, yanakusukuma juu. Nani alisema nataka kwenda juu?

Nikakunja kiwiko. Kiwiko kinabaki juu karibu na uso wa maji, kiganja na mkono wa mbele vyote vinatazama nyuma, kama kasia moja refu. Unaanza taratibu, unamalizia kwa nguvu karibu na paja. Halafu unaacha mwili uteleze, umenyooka, huna haraka. Mimi, mtu nisiyeweza kusubiri chai ipoe, hapo kwenye kuteleza ndipo niliteseka.

Pale kwenye kamba nilipofika kwa mikono thelathini na kitu, sasa nikafika kwa kumi na tisa. Misuli ni ile ile, mkuu wa push-up. Hata chakula nilikula kile kile.

Leo Ijumaa. Nimekwenda vizuri, nikageuka, nikarudi. Mita moja kabla ya ukuta pumzi ikakata. Kidole gumba cha mguu kikagusa chini. Mara moja tu, nikajisukuma nacho, nikafika.

Bi Zuhura alikuwa anaangalia mikono. Akapiga makofi. "Sasa huyu ndiye! Kesho saa moja unaanza, watoto wanane."

Nikasema asante. Sikusema kingine.

Nyumbani mama ameshawatangazia majirani wote.

Nilichojifunza: maji hayajali una nguvu kiasi gani, yanajali unayasukuma kuelekea wapi. Na mita ile ya mwisho mimi sikusukuma maji, nilisukuma sakafu. Kesho watoto wa watu watakuwa wamenishika shingoni, kwenye kina ambacho wao hawafiki chini.

Wenye utaalamu wa kuvuta pumzi katikati ya mikono, shukeni hapa chini. Wa kunicheka pia karibuni, msibanane.

Mimi kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa getini kabla watoto hawajafika. Nitamwambia Bi Zuhura kuhusu hicho kidole, halafu nitamwomba akae pembeni ahesabu, niende na kurudi upya.