Jicho Walilolisamehe

Jicho langu la kulia lilianza kuwa jekundu tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Runazi, nyumba zimepangwa mstari, jirani akikohoa unamsikia. Pembeni ya mboni paliota kinyama cheupe, kama punje ya mtama. Zahanati wakasema ni vumbi, wakanipa dawa ya kupaka. Kinyama kikazidi kukua.

Basi kwetu sisi Wasukuma tuliotoka Shinyanga, mwanamke mwenye jicho jekundu haugui. Analoga. Ndama wa jirani alipokufa, wote wakanigeukia mimi. Hata mama mkwe, niliyebaki naye nyumbani mume wangu alipokwenda vita vya Kagera, akaanza kujipikia chungu chake. Ndipo balozi wa nyumba kumi akaja kuniambia niondoke kabla ya mavuno.

"Thubutu!" nikamwambia. "Mume wangu anapigania nchi, nanyi mnifukuze kwa sababu ya jicho? Siondoki!"

Lakini niliogopa, nisidanganye. Wanawake walikatwa mapanga kwa macho kama yangu.

Malori yote yalikuwa vitani, nikaenda kwa miguu hadi hospitalini Biharamulo. Daktari akamulika, akakata kipande cha kile kinyama, kikapelekwa Mwanza kupimwa. Nilisubiri palepale, nikiwapalilia bustani yao. Majibu yaliporudi akaniita.

"Mama, hili si vumbi. Ni saratani ya utando wa juu wa jicho. Huwapata watu wachache sana. Imekwishazama, tukiliacha jicho, itaingia kichwani."

Nililia mpaka nikachoka. Kisha nikamwambia, "Litoe."

Niliporudi kijijini na jicho moja, habari zilikuwa zimenitangulia; nikamkuta balozi na majirani uani kwetu, pombe imeshapikwa. "Karibu nyumbani," akasema. "Uchawi umetolewa. Sasa huna neno na mtu." Wanawake wakapiga vigelegele.

Loo! Hasira iliyonipanda siku ile! Kumbe nimesamehewa!

"Nimetolewa saratani," nikasema. "Uchawi sikuwa nao, na msamaha wenu siutaki. Huyu mama mkwe wangu macho yake yote mawili ni mekundu kwa moshi wa kuni. Yeye mtamtoa lipi?"

Vigelegele vikakatika. Watu wakamgeukia mama mkwe, naye akajifunika uso kwa viganja. Nikaenda nikakaa ubavuni pake, nikaishika mikono yake, nikaishusha.

"Watazame, mama," nikamwambia. "Watazame tu."