Bibi Asiyegongewa Mlango

Insha yangu ya kidato cha tatu niliipata mwaka huu kwenye sanduku la marehemu mama, nilipokuwa natafuta hati ya shamba. Ilihusu tamthilia kongwe tuliyosoma shuleni, ya bibi mjane anayeishi peke yake, ambaye tangu onyesho la kwanza hadi la mwisho anangoja mtu amgongee mlango. Hakuna anayekuja. Swali lilitutaka tueleze jinsi mwandishi alivyoujenga upweke wake.

Mimi sikueleza. Nilimvamia mwandishi. Niliandika, kwa ujasiri wa msichana aliyelelewa Kibirichia, kwamba tamthilia hiyo ni uongo mtupu. Kwani nani alikuwa akienda kwa huyo bibi asubuhi kuomba moto? Kwetu kiberiti hakikununuliwa ovyo. Mtoto alitumwa kwa jirani na kigae cha chungu, akarudi na kaa linalowaka. Moshi usipoonekana juu ya paa lako, mtu alikuja kuuliza kulikoni, tena kwa sauti ya kugomba. Nikahitimisha kwamba mwandishi huyo hana majirani, au anao lakini hawapiki.

Mwalimu alinipa alama za kunihurumia na kuandika kwa wino mwekundu, "Jibu swali." Nililia, kisha nikakasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. Hata nilipokuja kuwa mwalimu mwenyewe, niliwafundisha watoto wa watu kujibu swali huku moyoni nikiona kwamba yule mwandishi alistahili alichokipata.

Safari hii niliisoma nikiwa nimesimama, nikacheka, kisha nikaona haya kucheka peke yangu chumbani. Mume wangu alifariki. Binti yangu ameolewa Runyenjes. Nyumba yangu ina ua wa mabati na geti, na jikoni nina mtungi wa gesi kama majirani zangu wote. Wakati wa kuvuna viazi tunapungiana mikono, basi.

Wiki chache baadaye niliugua kifua. Baridi ya huku haina adabu, na ilinilaza kabisa. Simu ilikuwa karibu na mto, lakini sikumpigia binti yangu, kwa sababu nilijua atakachosema: uza shamba, uje tukae. Nilitaka kwanza mtu aje. Ni jambo la kitoto, najua, lakini nililitaka kuliko dawa. Nililala nikisikiliza geti, nikijiambia kwamba leo lazima kuna atakayeona sijatoka. Nilisikia pikipiki zikipita na magunia ya viazi. Nilisikia jirani akimgombeza ng'ombe wake, na matusi yote niliyapata vizuri. Hakuna aliyebisha. Nikapona mwenyewe, sina wa kumshukuru ila Mungu.

Jumapili nilienda kanisani nimekonda hadi sketi inanizunguka kiunoni. Ibada ilipoisha, jirani huyo huyo alinishika mikono yote miwili pale nje. Alikuwa na furaha ya kweli, hilo siwezi kumnyima.

"Mwalimu! Kumbe umerudi! Sisi tulijua umeenda kwa msichana wako huko Runyenjes. Geti yako ilikuwa imefungwa tu, tukasema, haki mwalimu anakula maisha."

Nilitaka kumwambia. Lakini wanawake wengine walikuwa wameshasogea, wananitabasamia, wanataka habari za safari, mmoja akinirekebishia leso begani. Ulikuwa muda mrefu tangu nizungukwe na watu namna hiyo.

"Na wajukuu?" akauliza mmoja. "Si wamekuwa wakubwa?"

"Wakubwa sana," nikasema. "Hawakutaka nirudi."